Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Gari letu jipya lilifika wakati ambapo hatukuruhusiwa kwenda popote. Tulikuwa tumeliagiza kabla ya Sydney kufungwa kwa mara ya pili kwa ajili ya korona, na muuzaji akatuambia tungoje, kwa sababu dunia nzima ilikuwa imeishiwa na vile vidude vidogo vya kompyuta vinavyofungwa ndani ya magari. Tukangoja mpaka nikaanza kuamini kwamba hakuna gari wala muuzaji, kuna sauti tu kwenye simu. Kisha asubuhi moja, sisi wa mtaa wa Granville tukiwa tumefungiwa ndani, polisi wakizunguka mitaani na helikopta ikituchungulia kwenye kamba za kuanikia nguo, likaletwa mlangoni. Mtu aliyelileta alikuwa amevaa barakoa mbili. Aliweka ufunguo juu ya ukuta, akarudi nyuma polepole kama mtu aliyetega bomu, akanipungia mkono, akaenda zake.

Lilikuwa jeupe, na lilikuwa haibridi. Yaani lina injini ya petroli kama magari ya watu wengine, lakini pia lina mota ya umeme na betri kubwa, na lenyewe ndilo linaloamua litumie ipi na lini, bila kumuuliza dereva. Mke wangu ndiye aliyelichagua. Yeye ni muuguzi, na anapenda mashine zinazojipima zenyewe. Mimi nilitaka pikapu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba gari hilo halina adabu ya kupiga hodi. Likitoka kwenye maegesho linatoka kwa umeme, kimya kabisa, kama paka anayetoka jikoni na kipande cha nyama. Siku ya pili nusura nimgonge jirani aliyekuwa akivuta pipa lake la taka. Hakunisikia nikija. Alinitukana kwa Kiingereza ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka yote niliyokaa Australia, nikarudi nyumbani nikiwa nimeelimika.

Masharti yalipolegezwa kidogo na watu wakaruhusiwa kukutana nje, rafiki yangu Mkongo alikuja kutoka mtaa wa Macquarie Fields kuliombea gari. Tunafanya kazi pamoja kwenye ghala moja, na kanisani kwetu yeye ni shemasi. Alikuja na mafuta ya zeituni ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi.

"Washa motere," akaniambia. "Hatuombee gari yenye kulala."

Nikabonyeza kitufe. Taa zikawaka, skrini ikatusalimia.

"Washa sasa," akasema.

"Imewaka."

"Mupendwa, mimi nilitoka Bukavu. Gari yenye kuwaka ninaijua."

Akaweka sikio juu ya boneti. Akasikiliza kama daktari. Akanitazama kwa huruma, akaona nimetapeliwa, akafumba macho, akaegemea boneti kwa mikono miwili na kuanza kumwomba Mungu aifufue motere hii kama atakavyowafufua wafu siku ya mwisho. Maombi yalikuwa marefu. Nikaona nimsaidie Mungu kidogo, nikarudisha gari nyuma taratibu ili rafiki yangu aone kwamba linakwenda. Amina ilimtoka akiwa hewani. Tulimwinua, tukampangusa magoti, naye akasema kwamba kwa miaka yote ya utumishi wake hajawahi kujibiwa haraka namna ile.

Aliyeshuhudia yote hayo kutoka roshani yetu ya juu, amejitanda leso kichwani, alikuwa mama mkwe wangu.

Mama alikuwa amekuja kutoka Kenya mke wangu alipojifungua. Alikuja kwa miezi michache, kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji, kisha arudi kwa ng'ombe wake. Mtoto hata shingo haijakaza, nchi ikafunga mipaka. Ndege zikakoma. Miezi michache ikawa karibu miaka miwili.

Sasa, mtu asiyetoka kwetu anahitaji kuelezwa hali yetu. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani machoni. Akipita huku, mimi napita kule, na hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kijijini jambo hilo ni rahisi, kuna uwanja, kuna shamba la mahindi, kuna njia ya nyuma. Kwenye fleti ya vyumba viwili na choo kimoja, ni jambo linalohitaji ratiba kama ya treni. Tulijuana kwa kukohoa. Mama akikohoa mara moja, anatoka chumbani. Mara mbili, anaelekea jikoni. Nami nilikuwa na kikohozi changu cha bafuni. Majirani wa chini, kipindi kile cha korona, sijui walitufikiriaje.

Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu akae mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake, nilicheka peke yangu. Nyumbani kwetu tulikuwa tumeshaipita hiyo zamani.

Mama alizungumza nami kupitia mke wangu. Mke wangu akiwa kwenye shifti, alizungumza nami kupitia mtoto, ambaye hakujua bado kusema hata "maji."

"Mwambie baba yako maziwa yamekwisha," angemwambia.

Mtoto angeniangalia akitokwa na udenda.

"Mwambie nyanya nimesikia," ningemjibu mtoto, nami nikitazama friji.

Basi watu wa Sydney waliporuhusiwa tena kusafiri kwenda bara, mke wangu alimuuliza mama yake angependa kuona nini kabla hajarudi nyumbani. Bahari? Madaraja? Wanyama wanaoruka na watoto tumboni?

"Nataka kuona ng'ombe," akasema Mama. "Nimekaa nchi hii muda huu wote, nimekunywa maziwa yao, nimekula nyama yao, sijaona hata mkia."

Ndivyo tulivyopanga safari ya kwenda upande wa Orange, ng'ambo ya milima. Mke wangu alitafuta kwenye mtandao, akakodi kijumba kilicho karibu na mashamba ya mifugo. Nami nikaliosha gari ambalo halijachafuka.

Asubuhi ya safari kulikuwa na mkutano mzito wa viti. Mke wangu akakaa mbele pamoja nami. Mtoto akafungwa kwenye kiti chake nyuma ya mama yake, na Mama akakaa nyuma yangu hasa, ili mgongo wa kiti uwe ukuta kati yetu. Tatizo likawa kioo cha kati. Kila nikitazama magari ya nyuma, namwona mama mkwe machoni. Kwa hiyo nikakigeuza kioo kikatazama dari.

"Unafanya nini?" mke wangu akauliza.

"Heshima."

"Utatuua kwa heshima."

Nikaendesha kwa vioo vya pembeni. Gari lenyewe halikupendezwa. Lina macho yake mbele na nyuma, na kila nikisogelea mstari wa barabara lilinipigia kengele na kuusukuma usukani kidogo, kama mwalimu anayemrekebisha mtoto mkono. Kwenye barabara kuu ya kutoka mjini injini iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, na kwenye skrini mishale midogo ilikimbia kutoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri na kurudi. Mke wangu aliitazama mishale hiyo kwa raha, kama anavyotazama mapigo ya moyo ya mgonjwa aliyetulia. Mama kutoka nyuma aliuliza, kupitia kwa binti yake, kwa nini mshale wa mafuta haushuki. Binti yake akamweleza mambo ya umeme. Mama akasema aambiwe dereva kwamba mshale huo umekwama na tutaishiwa mafuta porini.

Kisha tukaanza kupanda milima. Barabara ikajikunja, ikajikunjua. Mama akaacha kusema. Baadaye kidogo nikasikia sauti nyuma ya shingo yangu ambayo haikuwa ya injini, na mke wangu akageuka na kusema, "Mungu wangu, kofia ya mtoto."

Tulisimama kando ya barabara. Kofia tuliiacha kwenye pipa la taka, na gari jipya likapoteza ile harufu ya upya ambayo tuliingojea kwa miezi mingi. Mtoto alikuwa akilia kwa ajili ya kofia. Mama alikuwa ameegemea mti, macho yamelegea.

"Mama, utakaa mbele," mke wangu akasema. "Anayekaa mbele hatapiki."

Mimi na Mama tukatazama chini. Malori yakapita.

"Haiwezekani," akasema Mama.

"Hapa nasema kama muuguzi, si kama mtoto wako. Ingia."

Mama aliingia kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, mguu mmoja kwanza. Alijitanda leso upande wangu wote, kuanzia kichwani mpaka begani, kama pazia. Akachukua kiondo chake kikubwa, kikapu cha kusuka alichotoka nacho Kenya, akakiweka katikati yetu juu ya mahali pa vikombe, kikawa mpaka rasmi. Gari likalia kuuliza kwa nini hajafunga mkanda. Sikuweza kumwambia. Nikamwambia mtoto amwambie nyanya mkanda.

Tukaendelea hivyo. Katoomba tukaipita kwa ukungu na manyunyu, Lithgow tukaiacha nyuma, na mteremko ulipokwisha mke wangu na mtoto walikuwa wamelala. Mke wangu alikuwa ametoka kwenye shifti nyingi mfululizo, na muuguzi wa namna hiyo akilala hata tarumbeta haimwamshi. Tukabaki macho sisi wawili. Sijawahi kuishika barabara kwa macho namna ile. Kama kuna mtu anataka dereva makini, ampakie mama mkwe wake mbele.

Baada ya muda niliona kwa pembe ya jicho kwamba Mama ameanza kusogea. Akainua upande mmoja, akautua. Akainua upande mwingine. Akafungua dirisha, manyunyu yakaingia. Akajipepea kwa ncha ya leso. Nikafikiri kichefuchefu kimerudi, na kofia nyingine hatuna. Akageuka nyuma kumtazama binti yake, ambaye mdomo ulikuwa wazi. Akakohoa mara moja. Akakohoa mara mbili. Binti yake hakutikisika.

Mwishowe Mama akakitazama kioo cha mbele na kusema, "Ewe gari. Huko chini kuna moto."

Nikafikiri sana. "Ewe gari," nikasema nami, macho barabarani, "moto uko wapi? Kwenye injini?"

"Si kwenye injini."

"Miguuni?"

"Juu ya miguu."

"Tumboni?"

"Chini ya tumbo," akasema Mama, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba lile gari linapasha viti joto. Kiondo kilikuwa kimekalia kitufe. Bibi mzima, mwenye heshima zake, mwenye wajukuu, alikuwa anabanikwa taratibu na mkwewe, na ili kumwokoa ilinibidi nipenyeze mkono chini ya kiondo, sentimita chache kutoka mahali ambapo hata kupataja siwezi.

Nikakumbuka pia kwamba gari linasikia amri. Nikabonyeza kitufe cha usukani, nikaliambia kwa Kiingereza changu kizuri kabisa lizime kiti cha abiria. Likafikiri. Likasema, kwa sauti ya mwanamke mpole, kwamba linampigia simu shemasi.

"Hapana!" nikasema.

Lakini spika zote zilikuwa zimeshaanza kuita, na rafiki yangu hupokea simu haraka. "Mupendwa!" sauti yake ikajaa garini. "Muko wapi? Gari inawaka?"

"Inawaka!" Mama akapaza sauti, leso ikamwanguka begani. "Inawaka moto!"

"Moto? Yesu! Tokeni mu gari! Ngojea niombe!" Akaanza kuomba hapo hapo, huko ghalani, mashine zikipiga kelele nyuma yake, akiuamuru moto kwa jina la Bwana uzimike. Mtoto akaamka akilia. Mke wangu akafumbua jicho moja, akaona hali, akajinyoosha katikati ya viti, akainua kiondo, akabonyeza kitufe, akakata simu, akamtia mtoto chuchu bandia.

"Nyinyi wawili mna kazi," akasema, akalala tena.

Tulipita Bathurst kila mtu akitazama upande wake. Lakini niligundua kwamba Mama hakulirudisha pazia la leso lote. Ilibaki begani.

Karibu na kule tulikokuwa tunaelekea, barabara ikawa nyembamba, na mvua ikawa imekatika. Baada ya kona moja tukaona mtu mbele amesimamisha pikipiki ya magurudumu manne katikati ya barabara, ameinua mkono. Alikuwa bibi mzungu mwenye kofia pana, barakoa imening'inia kidevuni. Nyuma yake lango la shamba lilikuwa wazi, na ng'ombe walikuwa wanavuka kwenda upande wa pili.

Nikasimama. Gari likanyamaza kabisa. Na kwa sababu halikunguruma, wale ng'ombe hawakuliona kuwa ni gari. Waliliona kama jiwe jeupe. Wakaja wakatuzunguka pande zote, weusi ti, wanene, wanang'aa kwa mvua. Mmoja akalamba kioo cha upande wangu. Mwingine akajikuna kwenye boneti.

Mama alishusha dirisha mpaka chini. Akatoa mkono nje, akawasalimu kwa lugha yetu, salamu ndefu, kama mtu anayepokea wageni wa harusi. Hawakujibu. Akapiga mluzi ule wa kuita ng'ombe, ambao nilikuwa sijausikia tangu nilipokuwa mdogo. Hakuna aliyegeuza hata sikio, ila mbwa wa yule bibi alitutazama kwa dharau.

"Hawa hawajui kitu," Mama akasema. "Lakini ona huyo, Baba. Ona mgongo wake ulivyonyooka. Na huyu hapa ana mimba, ona alivyoshuka. Atazaa wiki hii hii."

Nikageuka kuona. Na kwa kuwa alikuwa akinielekezea kidole, naye akageuka kuhakikisha naona. Tukatazamana. Nilikuwa nimekaa nyumba moja naye muda wote ule na sikujua kwamba ana mwanya.

Tulishtuka wote wawili. Sijui nani angeondoa macho kwanza, kwa sababu wakati huohuo gari likaamua kwamba betri imepungua. Halikuuliza mtu. Injini ikawaka yenyewe, ghafla, kwa nguvu. Ng'ombe aliyekuwa mlangoni kwangu akaruka, akageuka, akatupa teke la nyuma moja lililokwenda sawasawa. Nililisikia mpaka kwenye meno.

Kisha Mama akaanza kucheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka akipiga mapaja, akilia machozi, akishika kiondo kisianguke, na akijaribu kusema kitu na kushindwa. Nami nikacheka. Tulicheka hadi tukaumia, na gari likanguruma chini yetu kana kwamba halihusiki.

Mke wangu alipozinduka alitukuta tumesimama nje, mama yake na mimi, bega kwa bega, tumeinama mbele ya mlango uliobonyea.

"Kwato ya kushoto," Mama alikuwa anasema.

"Ya kulia, Mama. Ona alama ilivyokaa."

"Ulikuwa unatazama wapi? Ya kushoto."

Mke wangu alijifanya kutafuta kiatu cha mtoto. Nilimwona akijifuta macho.

Yule bibi wa shamba alikuja ameshika kofia yake. "Pole sana kwa gari lako, mpenzi," akaniambia. "Ni jipya?"

"Anakuita mpenzi?" Mama akaninong'oneza; neno hilo la Kiingereza alikuwa analijua.

"Ndivyo wanavyoongea huku, Mama."

"Hata mbele ya mkweo?"

Bibi alitukaribisha langoni, mtoto aone ndama. Mtoto wetu, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona njiwa na madereva wa kuleta vifurushi, alimtazama ndama, akasema "Wau," akataka abebwe. Mama aliuliza maswali mengi nami nikatafsiri. Wanakula nini? Wanalala wapi? Wanakamuliwa mara ngapi?

"Hawakamuliwi," bibi akasema. "Ni wa nyama tu."

Mama alidhani nimetafsiri vibaya. Nikarudia. Akawatazama tena wale ng'ombe, kundi zima, kwa masikitiko.

"Kwa hiyo kazi yao ni kula, kulala na kunenepa," akasema. "Kama sisi kwenye lokdauni."

Nilipomtafsiria bibi maneno hayo, alicheka mpaka akakaa juu ya pikipiki yake.

Jioni ile, mke wangu akimwogesha mtoto, nilikaa kwenye baraza la kile kijumba. Mama akatoka. Sikusikia kikohozi. Akavuta kiti, akakiweka upande wa pili, mbali, lakini baraza lilelile. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima.

"Siku ile tulipomzika dada yangu kwa simu," akaanza.

Nilikumbuka. Dada yake alifariki nyumbani wakati hakuna ndege. Mke wangu alikuwa kazini. Niliisimamisha simu juu ya pakiti za nepi ili Mama aone mazishi, nikatoka nikasimama roshani, kwa kuwa sikuweza kukaa naye chumba kimoja kumfariji.

"Ulisimama kwenye mvua," akasema. "Nilikuona kupitia kioo. Ulikuwa umevua kofia, na kwenye simu walipoimba, wewe ulikuwa unaimba huko nje. Nilitaka kukuambia ingia. Mdomo ukakataa."

"Nilikuwa sawa, Mama."

"Hukuwa sawa. Ulipata mafua, na sote tukapimwa korona kwa ajili yako."

Hilo lilikuwa kweli. Tulikaa. Jua likazama nasi tuko kwenye baraza lilelile.

Kesho yake alitangaza kwamba mambo haya yanatakiwa yalegezwe kwa utaratibu. Kwetu ipo njia. Wazee hukutana, zawadi hutolewa huku na huku, watu hula pamoja, na kuanzia hapo mkwe anaweza kusalimia kama binadamu. Hapa wazee hatukuwa nao. Mama akafikiri, akasema kuku atatosha, Mungu anaona mazingira.

Tulikwenda mjini Orange, tukaskani msimbo kwa simu zetu mlangoni pa duka, tukaonyesha vyeti vya chanjo, tukanunua kuku aliyekwisha kuchomwa, na kukaa kwenye meza ya bustani, wote meza moja. Mke wangu akatupiga picha mpaka Mama akamkataza. Kisha Mama akamfungua yule kuku kwa mikono, akitafuta firigisi, maana firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na bila hiyo hakuna sherehe. Akapekua. Akageuza. Akaingiza vidole ndani, akatoa kitu cha kijivu.

"Wamemjaza mkate," akasema, akinusa. "Kuku amekufa na mkate tumboni."

"Ndivyo wanavyompika, Mama."

Alitafakari. Kisha akachota donge la ule mkate, akaniwekea kwenye sahani yangu kwa mkono wake mwenyewe. "Basi hii ndiyo firigisi ya huku," akasema. "Kula."

Nikala. Ilikuwa na ladha ya majani makavu na chumvi, nami nikasema ni tamu.

Mipaka ilifunguliwa, na mwaka uliofuata Mama alirudi kwa ng'ombe wake. Aliwakuta hai, ingawa shemeji yake alikuwa amewapunguza kidogo. Mlango wa gari hatujaunyoosha mpaka leo. Mke wangu anasema ni pesa tu, mimi nasema ni kumbukumbu, na ukweli ni uvivu.

Lakini kabla hajaondoka kulikuwa na safari ya kurudi Granville, na hiyo ndiyo ninayotaka watu waielewe vizuri kabla hawajaanza kulegeza mila zao ovyo. Mama alikaa mbele tena. Hakuna aliyemlazimisha. Akafunga mkanda mwenyewe, akaweka kiondo miguuni, akajinyoosha, akaomba awashiwe ule moto wa kiti, kidogo tu. Tulipoanza kushuka milima, gari likijichaji lenyewe kwenye mteremko na mishale yote ikielekea kwenye betri, akasema, "Baba, kwa kuwa sasa tunaongea."

"Ndiyo, Mama."

"Kuna mambo nimekuwa nikiyaona."

Alianza na masufuria. Alisema sisugui chini, nasugua ndani tu, kana kwamba chini ni kwa mtu mwingine. Akaenda kwenye uimbaji wangu wa bafuni, akasema sauti ninayo, ila wimbo siujui. Akasema mtoto namvisha soksi zisizofanana makusudi. Akaeleza kwa urefu jinsi ninavyokoroma, akaonyesha kwa mdomo, na mtoto huko nyuma akapiga makofi. Alinikumbusha ugali nilioupika wakati korona inaanza, siku mke wangu alipokuwa kazini, akasema aliula kwa sababu ya heshima tu, na kwamba heshima isingekuwepo angeutupa dirishani.

Kwenye dashibodi kikatokea kile kikombe kidogo cha kahawa, ambacho gari humwonyesha dereva likiona amechoka.

"Linataka nini?" Mama akauliza.

"Linasema nipumzike, Mama."

"Pumzika nyumbani," akasema. "Sijafika hata katikati."

Nyuma yangu mke wangu alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilikuwa nimekirudisha kioo mahali pake, kwa hiyo nilimwona. Tulipofika Penrith, chini ya milima, Mama alikuwa bado yuko kwenye mwaka wa kwanza.